Mwanza hadi Bukoba kwa Dash 8: Mita 1,500 za Raha Tupu

Nianze na hukumu, maana siwezi kuikalia: hakuna safari fupi ya ndege Tanzania inayoizidi ya Mwanza–Bukoba kwa Dash 8, na hakuna sekunde tamu angani kama zile ishirini na kitu ambazo ndege hiyo inagusa lami, inakata mwendo na kutulia, ziwa likiwa nyuma ya mkia na mji ukiwa mbele ya pua. Nimeshuka ngazi mikono ikitetemeka kwa furaha. Sisi wapenzi wa ndege, tunaozitambua kwa mlio kabla hazijatokeza, hii ndiyo safari ya kuiwekea akiba.

Tushike namba kwanza, kwa sababu utamu wote umejificha humo. Njia ya kurukia ya Bukoba ina urefu wa mita 1,500. Njia kuu ya Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, ina mita 3,000. Bukoba ni nusu yake! Wala haiko porini, mahali ambapo rubani angejinyoosha atakavyo. Iko mjini, upande mmoja Ziwa Victoria, upande wa pili miinuko inayoupa mji wa Bukoba sura yake. Mbele hakuna pa kuongezea na nyuma ni maji.

Wapenzi wa ndege duniani kote husafiri kwenda kuutazama uwanja wa London City, uliobanwa katikati ya majengo ya London. Njia yake ina mita 1,508. Mita 8 tu kuizidi ya Bukoba! Huko ndege hushuka kwa pembe ya nyuzi 5.5 badala ya nyuzi 3 zilizozoeleka, na jeti inayotaka kuingia lazima iwe imethibitishwa kuumudu mteremko huo, kama Embraer 190 na Airbus A220-100. Kuanzia mwaka 2009 British Airways ilirusha kutoka hapo Airbus A318 yenye viti 32 tu kwenda New York, na wakati wa kwenda ilibidi itue Shannon, Ireland, kujaza mafuta, kwa kuwa njia ile fupi haikuiruhusu kuruka na mafuta ya kuvuka bahari.

Sasa sikiliza. London City iko karibu na usawa wa bahari, ilhali Bukoba iko zaidi ya mita 1,130 juu yake. Huku kwetu hewa ni nyepesi, na kwenye hewa nyepesi bawa linahitaji mwendo zaidi ili libebe uzito uleule. Siku ya nyuzi joto 22, ndege inayotua Bukoba hupita juu ya ardhi kwa kasi inayozidi ile ya usawa wa bahari kwa takriban asilimia 8, hata kama kipima mwendo cha rubani kinasoma namba ileile. Na kwa kuwa kazi ya kuisimamisha ndege hukua kwa mraba wa kasi, breki na injini hubeba mzigo mkubwa zaidi kwa karibu asilimia 17. Urefu ni uleule wa London, kazi ni kubwa zaidi, na abiria wetu wanaingia na mabegi yao kana kwamba ni safari ya Kirumba hadi Igombe, hapohapo Mwanza. Mimi nasema tuanze kuionea fahari!

Mwanza yenyewe iliwahi kuwa na hadithi ya aina hii. Kabla njia yake haijarefushwa ilikuwa na urefu wa kilomita 2 hivi, na jeti zilikuja zikiwa na nidhamu kali. Tarehe 1 Machi 2010 Boeing 737-200 ya Air Tanzania iliacha njia ilipokuwa ikitua hapo na gurudumu lake la mbele likavunjika. Novemba 29, 2012 Fastjet ilipozindua safari zake Tanzania, Mwanza ilikuwa miongoni mwa vituo vyake viwili vya kwanza kutoka Dar es Salaam, na Airbus A319 zikaanza kupishana na mawe ya Ilemela. Leo A220-300 za Air Tanzania (ATCL) zinatua Mwanza bila jasho. Shirika letu lilipokea ya kwanza Desemba 2018, likawa la kwanza Afrika kuwa na ndege ya aina hiyo. Ni jeti nzuri mno, tulivu, yenye madirisha makubwa, nami naipenda kwa moyo wote. Ila mbele ya njia fupi, mwenye shughuli yake ni mwingine.

Huyo mwingine ndiye Dash 8-400, ambayo wengi wetu tunaiita Bombadia. Mbili za kwanza za ATCL zilipotua Septemba 2016, wapo walioziita pangaboi kwa dharau, kana kwamba serikali imenunua feni. Nawaomba waliosema hivyo wakae mara moja kwenye dirisha lililo nyuma kidogo ya injini. Kila injini, aina ya PW150A, ina nguvu ya farasi zaidi ya 5,000, na huzungusha mapanga 6 yenye kipenyo cha zaidi ya mita 4. Bawa liko juu ya paa, kwa hiyo hakuna kinachokuzibia. Unaliona ziwa lote, unaiona injini, na magurudumu makuu, ambayo hujikunja ndani ya mfuko wa injini, unayaona yakifunguka na kushuka mbele ya macho yako. Ni ndege gani nyingine kubwa inayokufunulia kazi yake namna hii?

Kuruka kutoka Mwanza peke yake kunatosha kukulipa nauli. Mapanga yalibadili sauti, mgongo ukabanwa kwenye kiti, na mara mawe yale makubwa ya Mwanza yaliyopandana yakawa chini yetu, kisha maji, kisha mitumbwi ya wavuvi, kisha maji tena. Na hapa kuna jambo lililonifanya nipige kelele kidogo kwenye kiti changu. Chukua ramani uchore mstari kutoka Mwanza hadi Bukoba: ni kama kilomita 175, kuelekea kaskazini-magharibi barabara. Sasa itazame njia ya kurukia ya Bukoba. Nayo imelala kusini-mashariki kwa kaskazini-magharibi! Ndege inayotoka Mwanza tayari inaelekea takribani vilevile itakavyoelekea itakapogusa lami. Safari nzima ni kama nusu saa hewani, na yote ni maandalizi ya kutua. Meli ya MV Victoria huchukua usiku mzima kuvuka maji hayahaya.

Tulipoanza kushuka, mama aliyekaa kando yangu, mwenye kitenge cha zambarau, alichungulia dirishani akaniuliza, "Mwanangu, mbona maji hayaishi?" Nikamjibu, "Tulia mama, nchi kavu iko mbele yetu." Na kweli alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu ukitokea upande wa ziwa huoni nyumba wala shamba, unaona maji yakikujia. Mawimbi yalianza kuonekana moja moja. Flapu zilishuka nyuma ya bawa. Mlango wa mfuko wa injini ulifunguka, gurudumu likatoka na kujifunga. Kisiwa cha Musira kikatokeza. Mawimbi yakawa makubwa zaidi, mvuvi mmoja akainua uso, ufuko ukapita, na lami ikawa chini yetu.

Rubani aliiweka ndege chini kama mtu anavyoitua ndoo ya maji kutoka kichwani: kwa uthabiti, bila kusitasita. Kishindo kilikuwepo, nami nakitetea kishindo hicho. Dash 8-400 ina mwili mrefu wa karibu mita 33 ulio karibu na ardhi, kwa hiyo rubani akiinua pua kupita kiasi mkia hugonga lami. Haruhusiwi kuinua pua na kuelea njia nzima akitafuta ulaini. Isitoshe, uzito ukishatua juu ya magurudumu ndipo vibao vya juu ya bawa huinuka na kuua nguvu ya kuelea, na tairi hushika lami hata ikiwa na maji. Kwenye mita 1,500 ulaini unaokula mita 300 si ufundi. Ufundi ni kugusa pale palipopangwa.

Halafu likaja lile nililolifuata. Mapanga yaligeuza pembe yakawa bapa dhidi ya upepo, na duara mbili zenye upana wa zaidi ya mita 4 kila moja zikageuka kuta za kuzuia hewa, papo hapo! Mlio ukashuka hadi kifuani. Nilisukumwa mbele hadi mkanda ukanibana tumboni. Majani ya pembeni, yaliyokuwa yakipita kama mstari wa kijani, yakaanza kuwa jani na jani. Tulikuwa tumegusa kwa kasi ya kilomita zaidi ya 200 kwa saa, yaani zaidi ya mita 55 kwa sekunde, na ghafla tulikuwa tunatembea. Nilitamani kupiga makofi, na safu ya nyuma walipiga kweli.

Kwa nini jeti haifanyi hivi Bukoba? Tazama hesabu ya kanuni za Ulaya, ambazo zinaieleza hali hii vizuri. Jeti ya abiria lazima ithibitishwe, kabla haijaondoka, kwamba inaweza kusimama ndani ya asilimia 60 ya njia itakayotua. Ndege ya mapanga hupewa asilimia 70. Kwa mita 1,500, jeti inabaki na mita 900 na pangaboi inapata mita 1,050. Na hesabu hiyo inaanzia ndege ikiwa bado hewani, futi 50 juu ya mwanzo wa njia. Kwa mteremko wa nyuzi 3, kutoka hapo hadi kugusa ardhi mita kama 300 zimeshaliwa. Ongeza hewa nyepesi ya ziwani, na utaelewa kwamba Dash 8 haikuletwa Bukoba kama mbadala wa ndege bora. Ndiyo ndege bora ya kazi hiyo.

Kinachobaki ni hali ya hewa, na hapa shauku lazima itembee na heshima. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, hewa hukutana juu ya maji, mawingu ya radi hujengeka, na upepo wa mashariki huyasukuma kuelekea Kagera, mkoa ulipo mji wa Bukoba. Ndiyo maana Bukoba hunyeshewa sana alfajiri na asubuhi. Alasiri anga mara nyingi husafika, lakini ziwa nalo huanza kupuliza kuelekea nchi kavu, na ndege inayotua ikitokea majini huupata upepo huo mgongoni. Upepo wa mgongoni hurefusha kila mita ya kusimama, na ndege nyingi za abiria huwekewa kikomo cha noti 10, yaani maili 10 za baharini kwa saa. Basi asubuhi rubani hupima mawingu, alasiri hupima upepo.

Asubuhi ya Novemba 6, 2022, katika hali mbaya ya hewa, ndege ya Precision Air namba 494, aina ya ATR 42-500, iliangukia ziwani ikiwa inakaribia kutua Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Watu 19 walifariki, wakiwemo marubani wote wawili, na 24 waliokoka. Wavuvi walifika na mitumbwi yao mwanzo kabisa. Nilipoyaona maji yale kwa karibu niliwakumbuka wote. Tangu hapo, rubani akitangaza kwamba anazunguka kusubiri, au anarudi Mwanza, mimi nampongeza kimoyomoyo. Kughairi kutua ni sehemu ya ustadi huohuo ninaousifia hapa, na abiria anayeguna kwa kurudishwa Mwanza hajui zawadi aliyopewa.

Ushauri wangu kwa atakayekwenda: omba kiti cha dirishani nyuma kidogo ya injini ukitaka kuona magurudumu na bawa vikifanya kazi. Ukipenda utulivu kaa mbali na mstari wa mapanga, maana hata na mfumo wake wa kupunguza kelele, hapo ngurumo ipo. Mimi nikipewa nafasi nitaichagua ngurumo. Usipange mkutano wa lazima asubuhi hiyohiyo, acha nafasi ya mawingu. Na ukirudi Mwanza kwa Dash 8 hiyohiyo, linganisha: utaona jinsi njia ndefu inavyomlegeza rubani, na jinsi ile fupi inavyomtaka awe kamili.

Kwa miaka mingi yamekuwepo mazungumzo ya kujenga uwanja mkubwa zaidi huko Omukajunguti, na siku jeti zitakapoanza kutua Kagera nitakuwa wa kwanza kwenye foleni ya tiketi. Lakini jamani, msisubiri siku hiyo ndipo mjivunie. Jambo ambalo London inasifiwa nalo ulimwengu mzima linafanyika hapa kwetu, kwenye hewa nyepesi zaidi, na marubani wetu, kwa ndege tuliyoidharau. Kateni tiketi ya dirishani, fungeni mkanda, na mtazame kazi inavyofanywa.