Namba Inapotoka Darasani: Uhakiki wa Baadhi ya Istilahi za Hesabu

Msomaji wa gazeti la Kiswahili hukutana na namba karibu katika kila ukurasa. Ukurasa wa kwanza humweleza bajeti ya serikali kwa trilioni. Ukurasa wa michezo humwambia nani amevaa jezi namba kumi na timu ipi imeshinda mabao matatu kwa bila. Ukurasa wa mashairi humpa beti za mishororo minne minne, na makala ya elimu humkumbusha namba tasa alizojifunza shuleni. Namba hizo zote huandikwa kwa tarakimu zilezile na kutamkwa kwa maneno yaleyale, lakini hazifanyi kazi moja.

Katika makala hii tunakusudia kuhakiki baadhi ya istilahi zinazotumika kutajia namba katika michezo, sanaa, sayansi na maisha ya kila siku. Kila istilahi tutaiuliza swali moja: je, inamwonyesha msikilizaji kazi inayofanywa na namba hiyo? Kwa maoni yetu, kwa kutoliuliza swali hilo tumekuwa wakali mahali pasipohitaji ukali, na tumekuwa walegevu mahali ambapo ulegevu huleta hasara.

Idadi, tarakimu na namba

Lugha yetu haikupungukiwa na maneno hapa. Idadi ni wingi wa vitu vinavyohesabika. Tarakimu ni alama inayoandikwa, kuanzia 0 hadi 9. Kwa hiyo 1974 ni namba moja yenye tarakimu nne. Namba, au nambari kama wasemavyo wenzetu wengi wa Kenya, ni neno pana zaidi: hutumika kwa dhana ya hesabu yenyewe, na hutumika pia kwa alama ya kutambulishia kitu, kama namba ya nyumba au ya gari.

Kosa linalosikika mara kwa mara ni la kuchanganya tarakimu na takwimu. Mtangazaji husema, "Tarakimu zinaonyesha kwamba ajali zimeongezeka." Tarakimu haziwezi kuonyesha jambo hilo. Zinazoonyesha ni takwimu, yaani hesabu zilizokusanywa na kupangwa ili zifasiriwe. Chanzo cha kosa hili ni tafsiri, kwa sababu Kiingereza kina neno moja linalobeba maana zote mbili, na mfasiri mwenye haraka huchukua neno la kwanza linalomjia. Kiswahili kimekwisha kuzitenganisha maana hizo, nasi hatuna sababu ya kuzirudisha katika chungu kimoja.

Namba iliyogeuka jina

Tuingie uwanjani. Tarehe 25 Agosti, 1928, timu za Arsenal na Chelsea za Uingereza zilicheza mechi za ligi zikiwa na namba migongoni, na mwaka 1939 ligi hiyo ikaufanya utaratibu huo kuwa wa lazima. Wakati huo namba ilifuata nafasi ya mchezaji. Wa kwanza alikuwa kipa, wa pili na wa tatu walikuwa mabeki, na wa tisa alikuwa mshambuliaji wa kati. Mwaka 1993 Ligi Kuu ya Uingereza ilianza kumpa kila mchezaji namba yake ya msimu mzima, popote achezapo. Hivyo namba ya jezi ikaachana na nafasi uwanjani.

Mashabiki wetu, hata hivyo, hawakuacha kusema "namba tisa", "namba sita" na "namba kumi". Wako wanaodai kwamba matumizi hayo sasa ni makosa, kwa kuwa "namba tisa" wa leo huenda amevaa jezi namba 19. Sisi hatukubaliani nao. Sarufi yenyewe ni shahidi. Tunasema "namba tisa amefunga", wala hatusemi "namba tisa imefunga". Kiambishi cha mtu kimekaa mahali pa kiambishi cha kitu, kwa sababu namba hiyo haihesabu tena. Imekuwa jina la kazi, kama kipa au beki. Katika lugha ya mitaani ya Tanzania, mfanyakazi wa nyumbani huitwa "beki tatu". Mtu anaweza kulilaumu neno hilo kwa kukosa heshima, na pengine atakuwa na haki, lakini hawezi kulilaumu kwa kukosea hesabu.

Jambo hili si geni katika lugha yetu. Gari la abiria la Kenya liitwalo matatu linasimuliwa kuwa lilipata jina kutokana na nauli yake ya zamani, mapeni matatu, yaani senti 30. Nauli hiyo imekwisha kusahaulika na jina limebaki. Leo mtu anaweza kusema "matatu mbili zimegongana" bila yeyote kumwuliza kama ni tatu au ni mbili. Mfano mkubwa zaidi ni wa juma letu lenyewe. Jumatano imetajwa kwa tano ya Kibantu, na Alhamisi inayoifuata imetajwa kwa neno la Kiarabu lenye maana ya siku ya tano. Basi juma lina siku mbili za tano zilizokaa jirani, na hakuna aliyewahi kukosa miadi kwa sababu hiyo. Namba ikishakuwa jina huacha kuwa na deni kwa hesabu. Mahali kama hapa mwanaistilahi hana kazi ya kufanya ila kusikiliza.

Namba katika ushairi na katika sayansi

Katika ushairi hali ni ya kati. Majina tathlitha, tarbia na takhmisa yametokana na namba za Kiarabu za tatu, nne na tano, nayo bado yanahesabu mishororo ya ubeti. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka mwaka 1954, alilitilia mkazo suala la kuhesabu, hasa la mizani. Lakini majina haya hubeba zaidi ya hesabu. Takhmisa, kwa mfano, ni pia sanaa ya kuchukua mishororo miwili ya mshairi mwingine na kuitangulizia mitatu yako mwenyewe, ili sauti mbili zikae katika ubeti mmoja. Anayeliita kila shairi la mishororo mitano "takhmisa" amehesabu sawasawa, lakini ameipoteza sanaa. Tunapendekeza kwamba kitu cha kuhesabiwa kisemwe wazi, "shairi la mishororo mitano", na jina takhmisa lihifadhiwe kwa kazi yake maalumu.

Katika hisabati za shule tunazo istilahi za namba shufwa, namba witiri na namba tasa. Mbili za kwanza zilichaguliwa kwa busara. Neno witiri lilikuwa limekwisha kuzoeleka kwa Waislamu kutokana na sala ya witiri, ambayo rakaa zake hazigawanyiki kwa mbili. Mtoto aliyelisikia nyumbani alilikuta darasani likiwa na maana ileile.

Namba tasa inahitaji maneno zaidi. Namba hizi, kama 2, 3, 5, 7 na 11, hugawanyika kwa moja na kwa zenyewe tu. Aliyeziita tasa bila shaka alitazama kwamba hazitoi vigawo vingine. Lakini ukitazama upande wa pili, utaona kwamba namba hizi ndizo zinazozaa nyingine zote zilizo kubwa kuliko moja. Mbili kwa tatu huzaa sita; mbili kwa mbili kwa tatu huzaa kumi na mbili. Tena Euclid alikwisha kuthibitisha, miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita, kwamba hazina mwisho. Kwa mfano huu wa uzazi, namba tasa ni namba isiyo na wazazi, wala si namba isiyo na watoto. Istilahi imeshika mkia mahali pa kichwa.

Je, ibadilishwe? Tunasema hapana. Istilahi hii imekwisha kufundishwa kwa wanafunzi wengi, ni fupi, na haigongani na nyingine. Kasoro yake ni ya picha tu, na mwalimu anaweza kuirekebisha kwa sentensi moja. Istilahi iliyokwisha kuota mizizi haing'olewi kwa sababu ya uzuri. Hung'olewa inapopotosha, kama tutakavyoona sasa.

Namba inapokuwa kiasi

Tarehe 2 Februari, 1974, huko Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wa Tanzania alikimbia mita 1,500 kwa muda wa dakika 3 na sekunde 32.2, akaweka rekodi mpya ya dunia. John Walker wa New Zealand, aliyemfuata, alitumia dakika 3 na sekunde 32.5. Wote wawili waliishinda rekodi ya awali ya 3:33.1. Ushindi wote huo ulikaa katika sehemu tatu za kumi za sekunde. Je, tunausomaje kwa sauti? Mtu akisema "tatu thelathini na mbili nukta mbili", msikilizaji ana haki ya kuuliza, kwa kuwa nukta katika Kiswahili ni kituo kidogo, na ni jina jingine la sekunde. Basi "nukta mbili" yaweza kuwa sekunde mbili nzima. Dawa yake ni rahisi: kipimo kitajwe kwanza, na sekunde iitwe sekunde. Tuseme "dakika tatu, sekunde thelathini na mbili nukta mbili".

Aidha, tarakimu zinazofuata nukta zisomwe mojamoja. Anayesoma 3.12 kama "tatu nukta kumi na mbili" humfundisha mtoto kwamba 3.12 ni kubwa kuliko 3.9, kwa sababu kumi na mbili inazidi tisa. Asemaye "tatu nukta moja mbili" hampotoshi mtu.

Tuje sokoni. Mtu akisema "elfu kumi na tano", ametaja kiasi gani? Wengi watajibu 15,000. Lakini "mia moja na tano" ni 105, na "elfu moja na tano" ni 1,005. Kwa kanuni hiyohiyo "elfu kumi na tano" yaweza kuwa 10,005. Tofauti ni shilingi 4,995, nayo imening'inia katika pumzi ya msemaji. Utata hutokea kwa sababu elfu hutangulia kiasi chake kama nomino nyingine yoyote, na kiungo "na" hufanya kazi mbili: hujenga kumi na tano, na hapohapo huunganisha maelfu na masalio yake. Katika mazungumzo muuzaji na mnunuzi huelewana kwa kutazamana. Katika hati ya mkopo au mkataba hakuna wa kutazamana naye. Wasemaji wengi wamekwisha kujitafutia njia, husema "kumi na tano elfu". Wapo wanaoikataa njia hiyo kwa kuwa huweka namba mbele ya nomino. Sisi twaona kwamba katika hati za fedha iruhusiwe, tena ipendelewe, na nyuma yake tarakimu ziandikwe daima.

Hatari kubwa kuliko zote iko katika namba kubwa zaidi. Laki, tuliyoipokea kutoka Bara Hindi kwa njia ya biashara, haina shida: ni 100,000 tu. Bilioni ndiyo yenye historia ya kuyumba. Uingereza ya zamani ilihesabu kwa neno hilo milioni ya milioni. Mnamo Desemba 1974 Waziri Mkuu Harold Wilson alilieleza Bunge kwamba serikali itafuata maana ya Kimarekani, yaani milioni elfu moja, na hiyo ndiyo maana inayotumika Kenya na Tanzania. Ufaransa, kwa upande wake, ilithibitisha mwaka 1961 mfumo wa kale. Kwa msomi wa Kifaransa milioni elfu moja ni miliari. Bilioni kwake ni mara elfu ya bilioni yetu, na trilioni yake ni mara milioni ya trilioni yetu.

Zamani jambo hilo lingeweza kuachwa. Lakini Rwanda na Burundi ziliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikaingia mwaka 2022. Wako Waswahili wengi waliojifunza hesabu kwa Kifaransa, na hati moja ya Kiswahili sasa yaweza kusomwa Dodoma na Lubumbashi siku moja. Neno moja, "bilioni", laweza kuleta kosa la mara elfu bila mtu yeyote kukosea sarufi. Hata alama za uandishi hutofautiana: 3,500 kwa aliyesoma Kifaransa ni tatu na nusu.

Hitimisho

Mapendekezo yetu ni mafupi. Namba iliyogeuka jina, iwe ya uwanjani, ya barabarani au ya siku za juma, iachwe kwa wenye lugha. Istilahi za sanaa na za darasani zihifadhiwe, na walimu wazieleze asili na mipaka yake. Lakini namba inayotaja kiasi ifungwe kwa kanuni moja itakayokubaliwa na mabaraza ya Kiswahili ya nchi zote husika, hasa kuhusu bilioni, trilioni na alama ya desimali. Hadi kanuni hiyo ipatikane, mwandishi wa hati yoyote ivukayo mpaka aeleze mara ya kwanza: "bilioni moja, yaani milioni elfu moja". Maneno hayo manne ya ziada hayatachosha jicho la msomaji, nayo yatamwokoa mtia saini.