Dakika Tatu za Taco ya Samaki

Kipande cha samaki kimetoka kwenye mafuta sasa hivi. Ganda lake bado linachirizika mafuta, rangi ni ya manjano iliyoiva, na pale lilipopasuka mvuke unatoka kama wa sufuria iliyofunuliwa. Mwuzaji anakilaza juu ya chapati mbili nyembamba za mahindi, anamsogezea mteja sahani, kisha anarudi kwenye karai lake. Kuanzia hapo muda unakimbia. Zikipita dakika tatu, nne kwa bahati, mvuke ule ule utakuwa umelilowesha ganda kutoka ndani, na mchambuzi aliyekuwa bado anapanga sahani ili apige picha atakuwa anaonja chakula kingine kabisa.

Ugumu wa kuipa alama taco ya samaki unaanzia hapo. Pilau husubiri. Samaki wa kupaka akilala huwa mtamu zaidi kesho yake. Taco ya samaki ya Baja California haimsubiri mtu, lakini makala nyingi za kutafuta “taco bora mjini” hupima vile vinavyosubiri: mandhari ya bahari, ukubwa wa kipande, wingi wa mchuzi, bei. Mpishi aliyeamka alfajiri kutengeneza rojo anaishia kuhukumiwa kwa viti vyake vya plastiki.

Nyumbani kwa chakula hiki ni rasi ya Baja California, kaskazini-magharibi mwa Meksiko. Miji miwili hugombea heshima ya kukianzisha: Ensenada, bandari ya Pasifiki iliyo takriban kilomita 100 kusini mwa Tijuana, na San Felipe, upande wa pili wa rasi, kwenye Ghuba ya California. Wapo wanaosimulia kwamba wavuvi wa Kijapani waliofanya kazi kwenye pwani hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 ndio walioleta mtindo wa kuchovya samaki kwenye rojo la unga, yaani tempura, ambao Wajapani wenyewe walijifunza kwa Wareno katika karne ya 16. Kuvuka mpaka kuingia Marekani kuna tarehe inayojulikana. Mwaka 1983 Ralph Rubio, kijana aliyekuwa akienda San Felipe enzi za uanafunzi wake na kurudi na mapishi aliyopewa na mwuzaji wa huko, alifungua kibanda Mission Bay, San Diego. Kibanda kikawa msururu wa mikahawa, na Wamarekani wengi walionja taco ya samaki kwa mara ya kwanza humo.

Basi inapimwaje kwa haki?

Aliyewahi kukaanga viazi karai anajua nusu ya kazi. Rojo la Baja ni unga wa ngano, chumvi, haradali, oregano, pengine baking pauda kidogo, na bia baridi. Kila kimoja kina sababu. Ngano ikikorogwa sana na maji, protini zake hushikana na kuvutika kama mpira. Mkate unalihitaji hilo, lakini kwenye ganda la samaki ni balaa, kwa sababu hutoka zito na la kutafuna. Bia husaidia kwa njia mbili. Gesi yake huacha vipovu ndani ya rojo, na vipovu hivyo vikikutana na mafuta hutanuka na kulifanya ganda liwe jepesi. Pombe yake huzuia protini zisishikane kwa nguvu, tena huruka haraka kuliko maji, hivyo ganda hukauka kabla samaki hajakauka. Ubaridi nao hulinda gesi isitoroke mapema. Asiyetumia pombe hutumia maji yenye gesi na kupata faida ya kwanza, mradi ayatie dakika ya mwisho na asikoroge mpaka rojo lilainike. Vidonge vidogo vya unga vikibaki, hakuna kilichoharibika.

Yaliyobaki ni joto. Mafuta hutakiwa kuwa kati ya nyuzi 175 na 190 za Selsiasi. Yakipungua, rojo hunywa mafuta kabla ya kushika; yakizidi, nje huungua huku ndani kukiwa kubichi. Jambo ambalo mteja anaweza kuliona kwa macho, bila kipimajoto, ni idadi ya vipande ndani ya karai. Kila kipande baridi kinachoingia hushusha joto la mafuta, na mpishi aliyebanwa na foleni huvutwa kujaza. Mchambuzi anayesimama kando kwa dakika tano na kuhesabu vipande atajifunza zaidi ya yule aliyekaa mezani akisoma menyu. Aangalie pia rangi ya mafuta na chembe nyeusi zinazoelea. Mafuta yaliyochoka hutoa ganda la kahawia lenye uchungu mwishoni mwa ulimi, na hakuna mchuzi unaoweza kuuficha uchungu huo.

Kipimo kingine hufanyika mdomoni. Taco ikiumwa, ganda linatakiwa likatike pamoja na samaki. Likivuka zima kama soksi na kumwacha samaki mtupu, kosa lilitendeka kabla ya kukaanga: samaki alikuwa na majimaji, hakupanguswa, maji yakageuka mvuke na kulisukuma ganda mbali na nyama. Ni kosa dogo, lakini linaonyesha haraka iliyoko jikoni, na linastahili kukatwa alama hata kama ladha inapendeza.

Samaki mwenyewe ni suala la ukweli kuliko la ladha. Vibanda vya Ensenada tangu zamani hutumia papa wadogo, kwa sababu nyama yao haina miba, haivunjikivunjiki, na inavumilia mafuta makali. Siku hizi hutumika pia samaki wengine weupe, hasa kipindi ambacho Meksiko hufunga uvuvi wa papa na taa upande wa Pasifiki, kuanzia Mei 1 hadi Julai 31. Upande wa Marekani ndiko mchambuzi anakotakiwa kuuliza maswali zaidi. Watafiti wa chuo kikuu cha UCLA waliochukua sampuli kutoka mikahawa 26 ya sushi mjini Los Angeles, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, waligundua kwa vipimo vya DNA kwamba asilimia 47 ya sampuli ziliuzwa kwa jina lisilo lake. Sushi inamwonyesha mlaji nyama yake waziwazi. Taco humficha samaki ndani ya ganda, chini ya kabichi na mchuzi mweupe. Anayesifu “halibut laini” bila kuuliza amenunuliwa wapi anaweza kuwa anasifu samaki ambaye hakuliwa.

Kuna swali jingine ambalo kwa wasomaji wengi wa Kiswahili linatangulia yote. Kwa desturi ya Baja, karai la taco huweza kuwa na mafuta ya nguruwe, na rojo, kama ilivyoelezwa, huwa na bia. Vibanda vingi siku hizi hutumia mafuta ya mimea, lakini harufu haimwambii mtu kila kitu. Makala inayosifu chakula kwa mistari ishirini na kuacha mstari mmoja wa kutaja mafuta imewaacha Waislamu, na wengine wasiotumia nguruwe au pombe, wajitafutie wenyewe. Hilo ni pengo la kazi, na linazibwa kwa swali moja dirishani.

Kisha kuna tortila, chapati ya mahindi ambayo wachambuzi huipita kana kwamba ni sahani ya karatasi. Mahindi yake hayasagwi makavu kama ya sembe. Huchemshwa kwanza kwenye maji ya chokaa, yakalala humo usiku, yakaoshwa, ndipo yakasagwa yakiwa bado yamelowa. Chokaa hulegeza maganda, hufanya unga ushikane bila ngano, na huiachilia niasini, vitamini iliyofungwa ndani ya mahindi ambayo mwili usingeipata vinginevyo. Mataifa yaliyochukua mahindi Amerika bila kuchukua ujuzi huu, na yakayala karibu peke yake, yaliugua pelagra. Harufu ya chokaa hiyo ndiyo huitofautisha tortila ya kweli. Mzee wa pwani anayekula tambuu ataitambua upesi.

Tortila ikipoa, wanga wake hukakamaa na kuvunjika kwenye kunjo. Ndiyo sababu hupashwa kwenye bamba la chuma mpaka ivimbe kidogo katikati, na ndiyo sababu vibanda vingi huweka mbili: ya juu hunywa unyevu, ya chini hubeba mzigo. Kipimo ni chepesi. Ikunje, ifungue, ikunje tena. Ikipasuka mara ya pili, ilitoka kwenye pakiti ikapashwa kwa dharau.

Juu yake huja kabichi iliyokatwa nyembamba kama uzi, krimu au mayonezi iliyolegezwa, mchuzi wa pilipili, ndimu, na mchanganyiko wa nyanya, kitunguu, pilipili na kotmiri ambao Mswahili atautaja jina kabla hajaonja: kachumbari. Kabichi imechaguliwa kwa akili. Majani yake magumu huvumilia joto la samaki bila kunywea, wakati saladi ya majani hulegea mara moja na kumwaga maji juu ya ganda lile lile lililohangaikiwa.

Hapa wachambuzi wengi hujikwaa bila kujua. Katika vibanda vya Ensenada, aghalabu mwuzaji humpa mteja samaki juu ya tortila na kumwachia ajipakulie vikolombwezo kutoka bakuli zilizopangwa kaunta. Nusu ya taco, basi, imetengenezwa na mlaji. Aliyemimina krimu vijiko vitatu kisha akaandika kwamba taco “ni nzito” amejihukumu mwenyewe, ila bili ya aibu imekwenda kwa mpishi. Dawa ipo: kuagiza mbili. Ya kwanza iliwe tupu, pale pale kwenye kaunta, na tone la ndimu tu. Ya pili ivikwe. Alama za mpishi zitoke kwenye ya kwanza. Ya pili ionyeshe kama vikolombwezo vinamsaidia samaki au vinamzika.

Taratibu za kazi hii hazikuzuka jana. Craig Claiborne, aliyeshika dawati la chakula la New York Times mwaka 1957, ndiye aliyejenga desturi ya kwenda bila kujitambulisha, kwenda zaidi ya mara moja, na gazeti kulipa bili. Jonathan Gold wa LA Weekly alichukua uzito huo huo akaupeleka kwenye vibanda vya taco na migahawa midogo ya wahamiaji, na mwaka 2007 akawa mchambuzi wa kwanza wa chakula kupata tuzo ya Pulitzer. Texas Monthly iliajiri mhariri wa taco, José R. Ralat, mwaka 2019. Mei 2024 mwongozo wa Michelin ulikipa nyota El Califa de León, kibanda kidogo cha taco za nyama mjini Mexico City ambako wateja hula wamesimama. Wakaguzi wa Michelin husema nyota hutolewa kwa kilichomo kwenye sahani: ubora wa viungo, ustadi wa kupika, uwiano wa ladha, mkono wa mpishi, na kutobadilika kati ya siku na siku.

Hilo la mwisho ndilo linalohitaji subira. Taco moja nzuri saa tano asubuhi, mafuta yakiwa mapya na foleni ndefu, haithibitishi kitu. Foleni yenyewe humsaidia mpishi, maana kila kipande hutoka moja kwa moja kwenda kwa mlaji. Jaribio gumu ni saa ya utulivu, ambapo mvivu hukaanga vipande kumi na kuviacha chini ya taa ya joto. Mwenye mkahawa anayekaanga kimoja kimoja kwa mteja mmoja anayesubiri dakika nne anastahili sifa kwa maandishi, na mchambuzi hataijua tabia hiyo asiporudi.

Kwa hiyo, ikilazimu kutoa alama kumi, mgawanyo wa haki ni huu: tano kwa samaki na ganda lake, tatu kwa tortila, mbili kwa kabichi, kachumbari na michuzi. Mandhari yaelezwe, bei itajwe, choo kikiwa kichafu kiandikwe. Hayo ni habari kwa msomaji na yasiingie kwenye kumi. Taco ya samaki wa kuchoma, inayopendwa sana California na wanaokwepa mafuta, ipewe orodha yake. Ni chakula kizuri, lakini haina ganda, na kuishindanisha na ya kukaanga ni kumpima mwogeleaji kwa mbio za miguu.

Kwa mgawanyo huo, ukumbi wenye glasi za divai na tortila ya pakiti unaanza ukiwa na deni la alama tatu, na mama wa kibanda aliyesaga mahindi yake anaanza nazo mkononi.

Atakayefika Ensenada afike mapema. Huko taco ya samaki ni chakula cha asubuhi na mchana, na vibanda vingi huwa vimeanza kukaanga wakati watalii bado wamelala. Aulize mafuta ni ya nini, aagize mbili, ale ya kwanza akiwa amesimama karibu na karai, na picha apige ya ile ya pili.