Siku Kumi Kroatia: Boti Kwanza, Kitanda Baadaye

Ratiba yetu ya Septemba iliyopita ilienea kwenye mstari mmoja: Split usiku 3, Hvar 2, Korčula 2, Dubrovnik 3. Ukiisoma haraka utadhani tulichagua tu miji tuliyoipenda. Ukweli ni kwamba mimi na mwenzangu hatukuchagua mengi. Viza ilichagua, boti zikachagua, na upepo nao ukadai sehemu yake.

Tuanze na viza, maana ndiyo iliyoichora ramani upya. Kroatia iliingia Schengen na kuanza kutumia euro siku moja, Januari 1, 2023, kwa hiyo kitabu chochote cha mwongozo kinachotaja bei kwa kuna, sarafu ya zamani ya huko, kimeshazeeka. Mwenye pasipoti ya Tanzania anaomba viza ya Schengen, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Yetu ilitoka ya kuingia mara moja.

Sasa tazama pwani ya Dalmatia. Karibu na Neum imekatwa na kipande cha Bosnia na Herzegovina, kama kilomita 20 hivi. Basi la Split kwenda Dubrovnik likipita hapo, umeshatoka Schengen, na viza ya mara moja ukitoka nayo hurudi. Mostar na Kotor, miji iliyo nje ya Schengen tuliyokuwa tumeizungushia duara kwenye ramani, tukaifuta. Daraja la Pelješac, lenye urefu wa kilomita 2.4, lilifunguliwa Julai 2022 na linakuruhusu kuikwepa Neum bila kukanyaga nchi nyingine. Hata hivyo, kabla ya kulipa, muulize mkata tiketi basi lake linapita wapi.

Njia ya bahari haina tatizo hilo, ndiyo maana tuliipanga kwanza. Tulikata ndege ya kutua Split na kuondokea Dubrovnik ili tusirudi nyuma, kisha tukafungua ratiba za boti kabla ya kugusa hoteli yoyote. Wengi hufanya kinyume: wanapata chumba kizuri, wanalipa, halafu wanagundua boti ya siku hiyo haipo.

Hvar ndiyo inayowanasa wengi. Katamarani za abiria kutoka Split hufika mji wa Hvar kwa takriban saa moja. Feri kubwa, zile zinazobeba magari, huchukua kama saa mbili na hutia nanga Stari Grad, upande wa pili wa kisiwa, karibu kilomita 20 kwa barabara. Ni rahisi kuzichanganya, kwa sababu kisiwa na mji vina jina moja. Ukikodi chumba mjini kisha ukapanda feri, jiandae kutafuta basi na mabegi mkononi. Tofauti nyingine: katamarani ina viti vya idadi maalumu na hujaa, feri kwa mtu wa miguu hujaa kwa nadra.

Sisi tulikosea kwa faida. Katamarani ilijaa, tukachukua feri, tukalala Stari Grad, na sikujuta. Mji wa Hvar ni mzuri lakini una kelele za boti za matajiri. Stari Grad ina uwanda ambao Wagiriki kutoka Paros waliugawa mashamba mwaka 384 KK, na mipaka yao ya mawe bado inatenganisha mizabibu na mizeituni. UNESCO iliuorodhesha mwaka 2008. Ufuo wake ni kokoto, kama sehemu kubwa ya pwani ile, kwa hiyo beba yeboyebo.

Korčula inaeleweka kirahisi na mtu aliyekulia kati ya kaskazi na kusi. Huko wana bura, upepo baridi unaoshuka milimani kutoka kaskazini-mashariki, na maestral, unaopoza mchana wa kiangazi kutoka kaskazini-magharibi. Vichochoro vya mji mkongwe vimepangwa kama miiba ya samaki: vya magharibi vimenyooka ili maestral iingie, vya mashariki vimepinda kuizuia bura. Wenyeji watakuambia pia kwamba Marco Polo alizaliwa hapo. Watu wa Venice wanakataa, nami sina ugomvi na upande wowote. Polo ndiye aliyeieleza Zanzibar bila dalili ya kuwahi kuiona.

Dubrovnik tuliiweka mwisho na kuipa usiku 3, ingawa ndiyo ghali kuliko zote. Usiku mmoja ulikuwa wa akiba, kwa ajili ya upepo wa tatu: jugo, kusi yao, inayoleta mawimbi na mvua na huongezeka kuanzia majira ya vuli. Septemba ina bahari bado ya vuguvugu na watu wachache kuliko Agosti, lakini kamari ya jugo imo. Siku ya kupanda ukuta wa mji, wenye mzunguko wa mita 1,940, tuliichagua kwa kutazama ratiba ya bandari na kukwepa siku za meli nyingi za watalii, tukawa langoni linapofunguliwa.

Jugo ilikuja asubuhi ya kuondoka Korčula, boti ikafutwa. Tulivuka kwa feri fupi hadi Orebić, tukapanda basi linalopita rasi ya Pelješac, na viza ikabaki salama kwa kuwa njia hiyo haigusi Neum. Tulipofika Ston, kuta zake ndefu zikapanda mlimani na mashamba ya chumvi yakaonekana chini yake. Mwenzangu akaniuliza mbona mji huu haumo kwenye ratiba. Sikuwa na jibu.