Bwana Kijuma, Patasi na Kalamu

Nyumba za Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa kale wa Lamu, hazina haja ya kujionesha. Kuta za mawe na chokaa zimesimama wima, madirisha ni machache, na vichochoro ni vyembamba hata punda akija na mzigo wake mtu hujibana ukutani. Fahari ya nje imewekwa mahali pamoja tu: mlangoni. Mgeni akipiga hodi hungoja kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, na akiwa pale hana budi kuutazama mlango. Kwa hiyo mchonga milango wa Lamu hakuuza mbao. Aliuza heshima ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba alijua hivyo alipokuwa akipatana naye bei.

Muhamadi Kijuma alikuwa mmoja wa mafundi hao. Alizaliwa Lamu mnamo 1855 na akafariki 1945. Hadi leo watu wa kazi hiyo hutaja mtindo mmoja wa milango ya Lamu kwa jina lake. Lakini kumwita mchongaji tu ni kumpunja. Alitunga mashairi, alipiga muziki, alijua ngoma za mji, na hati yake ilikuwa nzuri kiasi cha watu kumlipa awanakilie tendi. Mji mdogo haumlishi kwa urahisi mtu wa kazi moja. Mwezi huu kuna anayejenga, mwezi ujao hakuna. Kuna msimu wa arusi na kuna msimu wa ukimya. Kijuma aliishi kwa mikono yake katika hali hiyo, akihama kutoka kazi moja hadi nyingine, na hakuna hata moja aliyoifanya kwa kulipua.

Uzito wa sifa hiyo huonekana ukiifuata kazi yenyewe. Mlango wa kale wa Lamu una miimo miwili, kizingiti cha juu na cha chini, na mbao mbili zinazokutana katikati kwenye mfaa, mti wa wima unaofunika maungio yao. Hauna bawaba: kila ubao una ncha mbili, juu na chini, nazo huzunguka ndani ya matundu ya vizingiti. Mti ukiwa haujakauka vizuri, mlango utapinda na kukwama, na urembo wote hautakuwa na maana. Ndiyo maana mafundi walipenda miti migumu kama mbambakofi na msaji, na ndiyo maana kazi huanza kwa kungoja. Kisha huja bikari na rula: duara, nusu duara, mstari wa kufuata. Nakshi za miimo miwili lazima zilingane, na zile za kizingiti zigawanyike sawasawa kutoka katikati. Hesabu hiyo hufanywa kabla patasi haijagusa ubao, kwa kuwa mti ukishaondolewa haurudi.

Baada ya hapo fundi hukata ukingo wa kila jani na kila ua, halafu hushusha uso wa ubao unaolizunguka ili umbo lisimame. Ugumu uko kwenye kina. Akichimba kidogo, kivuli hakishiki na nakshi hupotea mchana. Akizidisha, kingo huwa nyembamba na kumeguka. Mkono hujifunza hilo polepole, na kwa kawaida huanza utotoni, kwenye karakana ya baba au ya mjomba, ambako mtoto hunoa patasi na kufagia maranda kwa muda mrefu kabla ya kupewa kipande cha kuharibu. Hivyo karakana ilikuwa duka, shule na sehemu ya nyumba kwa pamoja. Aliyelea watoto vibaya alikuwa pia anaua biashara yake.

Kalamu ilimdai Kijuma nidhamu ileile. Mwaka 1913 alimwandikia Alice Werner, mtaalamu wa Kiswahili kutoka Uingereza, nakala ya utendi wa Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi za Waswahili, kwa herufi za Kiarabu. Baadaye aliwanakilia kazi nyingine wataalamu wengine wa Kiswahili, William Hichens na Mjerumani Ernst Dammann, aliyechapisha tungo za Kiamu, lahaja ya Lamu, mwaka 1940. Hati zake nyingi sasa zimehifadhiwa London na Ujerumani. Ukizitazama utamwona mchongaji: mistari imegawanywa kwa kipimo, vichwa vimerembwa, nafasi tupu imeachwa kwa makusudi. Hata nakala ya kuuzwa kwa mgeni, ambaye huenda asingetambua kasoro, aliiandika kama itakayosomwa na shekhe wa mtaa.

Kati ya tungo alizonakili ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambayo Hichens aliitoa kitabuni mwaka 1939. Utenzi huo unaomboleza majumba ya mji wa Pate yaliyokuwa na fahari kisha yakawa magofu. Mtu aliyepata riziki kwa kupamba majumba alikaa akayaandika maneno hayo ubeti kwa ubeti. Alijua kwamba mlango haudumu milele, na bado aliupima sawasawa. Kwangu, hapo ndipo ulipo ukubwa wake.

Kazi haijafa. Lamu iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, na karakana bado zinachonga milango, masanduku na viti. Ali Skanda, wa ukoo wa wachongaji na waundaji vyombo, aliongoza ujenzi wa Flipflopi, jahazi la taka za plastiki lililoshushwa majini Lamu mwaka 2018 na kufika Unguja mwaka uliofuata. Mali ghafi imebadilika. Kipimo na ukaidi wa mkono ni vilevile. Kinachohatarisha kazi hii ni mteja wa haraka, anayetaka mlango wa Lamu kwa wiki mbili na kwa bei ya mbao. Kijuma alikuwa na wateja waliokubali kungoja na kulipia kungoja huko. Anayetaka kumkumbuka kwa dhati aende kwa fundi, apatane naye vizuri, kisha ampe muda.