Kumtambua Fundi Hodari wa Kuondoa Paa la Asbesto

Paa la asbesto likiondolewa kwa ustadi, mwenye nyumba hubaki hana cha kuwaonyesha wageni. Hakuna kipande kilichodondoka uani, hakuna vumbi dirishani, na mabati ya zamani yamekwenda yakiwa mazima. Ustadi wa kazi hii hupimwa kwa yale ambayo hayakutokea, kwa hiyo ni vigumu kuuhukumu baada ya kazi kwisha. Mwenye nyumba anapaswa kujua mapema nini cha kutazama.

Yanaitwa mabati ingawa si chuma. Ni saruji iliyokandwa pamoja na nyuzi za asbesto. Nchini Kenya bado yanaonekana kwenye shule na nyumba za watumishi zilizojengwa miongo mingi iliyopita. Yakiwa mazima hutoa nyuzi chache. Yakivunjwa, yakitobolewa au yakikatwa kwa mashine, nyuzi zisizoonekana kwa macho huingia hewani na kukaa kwenye mapafu. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, ikiwamo ya mapafu na mesothelioma (saratani ya utando unaofunika mapafu), na ugonjwa huweza kujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya mtu kuvuta vumbi hilo. Fundi anayekuambia amefanya kazi hii miaka mitano bila kukohoa hajathibitisha lolote.

Kabla ya kumpa kazi

Sikiliza maswali yake kwanza. Fundi hodari huuliza nyumba ilijengwa lini, paa limewahi kutobolewa wapi, na kama maji ya mvua huvunwa kutoka juu yake. Hasemi kwa kutazama tu kwamba bati fulani ni la asbesto, kwa sababu kuna saruji zenye nyuzi za aina nyingine zinazofanana nayo kabisa. Hulowesha sehemu ndogo, huchukua kipande, hukifunga na kukipeleka maabara kikachunguzwe kwa hadubini. Pia ana ujasiri wa kukwambia, pale bati likiwa imara na halijavunjika, kwamba linaweza kuachwa na kusimamiwa kwa muda. Mtu anayekataa pesa zako leo kwa sababu nzuri anastahili kuitwa tena kesho.

Kisha omba karatasi. Kanuni za usimamizi wa taka za Kenya za mwaka 2006 zinataka msafirishaji wa taka awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, na abebe hati ya kufuatilia mzigo mpaka unakotupwa. Nchini Tanzania, uliza mamlaka ya mazingira ya huko. Mtake aandike bei kipengele kwa kipengele: uchunguzi, kulowesha, kufungasha, usafiri, kuzika. Bei ikikaribiana na ile ya kubomoa paa la kawaida, muulize ni kipengele gani amekiruka.

Siku ya kazi

Tazama nyuso. Kitambaa puani au barakoa ya hospitalini havizuii nyuzi hizi. Panahitajika kinga ya pua na mdomo ya daraja la P3, inayoshika uso bila kuacha mwanya. Ndevu huharibu kushika huko, hivyo mwenye ndevu nyingi aliyevaa barakoa ya bei ghali bado anavuta vumbi. Ovaroli iwe ya kutupwa, yenye kofia, na viatu viwe gambuti zinazoosheka. Mtu akiondoka jioni na nguo alizofanyia kazi, anapeleka vumbi kwa mkewe na watoto. Familia za wafanyakazi wa asbesto zimewahi kuugua kwa njia hiyo.

Halafu tazama juu. Bati la zamani ni dhaifu, na watu huanguka kupitia kwake. Anayejua kazi hakanyagi bati. Hutandika mbao pana juu ya fito au hufanyia kazi kwenye jukwaa. Hulowesha kwa maji ya shinikizo dogo yaliyotiwa sabuni kidogo, ili yapenye, na hurudia kadiri bati linavyokauka. Pampu ya shinikizo kubwa inarusha nyuzi, kwa hiyo si chombo cha kazi hii. Boliti zilizoshika kutu hufunguliwa au hukatwa kwa mkasi wa chuma wa mkono, kamwe si kwa mashine ya kukata. Bati huinuliwa zima, likapokezwa mikononi mpaka chini. Ukisikia kishindo cha bati likianguka, simamisha kazi.

Mifereji ya maji ndiyo mtihani ambao wengi hushindwa. Tope lake limekusanya nyuzi zilizooshwa na mvua kwa miaka mingi, na mzembe hulifagia likiwa kavu. Mstadi hulichota likiwa bado na unyevu na kulitia katika mfuko pamoja na taka nyingine za asbesto. Vumbi lililobaki hulipangusa kwa vitambaa vyenye maji au kwa mashine ya kunyonya yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa vumbi laini kabisa. Fagio halina kazi hapa.

Kabla ya malipo ya mwisho

Mabati yote yafungwe kwa nailoni nzito tabaka mbili, yaandikwe kuwa ni asbesto, na yapakiwe bila kukanyagwa. Usikubali vipande kubaki kwa ajili ya banda la kuku au kujaza mashimo ya njia. Hapo umehamisha hatari tu, kwa jirani au kwa watoto wake. Hesabu mabati yaliyoshuka, yalinganishe na yaliyopakiwa, kisha zuia sehemu ya malipo mpaka uletewe nakala ya hati inayoonyesha kwamba dampo lenye kibali limeyapokea na kuyazika. Fundi aliyefanya kazi yake yote atakuletea hati hiyo bila kubishana.