Solvay 1927: picha tunaijua, mabishano je?

Ukisoma fizikia lazima umeshaonyeshwa ile picha: Brussels, Oktoba 1927, wanasayansi 29, Marie Curie mwanamke pekee. Tunaitazama kama picha ya timu iliyobeba kombe, na hapo ndipo tunapokosea. Siku zile mechi ilikuwa bado inachezwa. Louis de Broglie aliwasilisha wazo kwamba chembe huongozwa na wimbi. Pauli akalipinga palepale, na baadaye mwenyewe akaliacha. Mwaka 1952 David Bohm akalifufua, na hadi leo lina watetezi. Yaani magwiji wote wale ukumbini hawakutosha kuizima hoja moja. Einstein na Bohr nao walibishana zaidi hotelini, wakati wa kula, kuliko kikaoni. Lakini mijadala iliyofuata kila mada iliandikwa, ikachapishwa mwaka 1928 pamoja na pingamizi zake. Ndiyo maana tunaweza kumsoma Pauli akibisha.

Sasa makongamano yetu: slaidi 40, kisha “maswali mawili tu, muda umetubana”, picha ya pamoja, vyeti. Pingamizi zuri utalisikia kwenye foleni ya chai. Kwenye ripoti halimo.