Gorogoro ni kilo ngapi?

Neno gorogoro limezoeleka mno nchini hivi kwamba sisi tunaoandika hatulichunguzi tena. Bei ya mahindi inapopanda, husomwa kwamba "gorogoro, yaani kilo mbili," sasa inauzwa kwa pesa kadhaa. Nashikilia kuwa fasiri hiyo inapotosha, na anayeumia ni yule asiye na gunia ghalani.

Chukua kauli inayoweza kusikika katika soko la Kongoni au la Matunda, huku Likuyani, kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega: "Nikopeshe gorogoro kumi, nitarudisha tukivuna." Mkopeshaji na mkopaji wote huitikia. Je, wameafikiana jambo moja?

Gorogoro kwanza ni chombo: mkebe wa bati, aghalabu uliokuwa wa mafuta ya kupikia. Pili ni kipimo, yaani ujazo wa mkebe huo. Tatu ni nafaka yenyewe, kwani anayesema "tumemaliza gorogoro mbili" hana maana kwamba ametafuna bati. Maana hizi tatu hazigombani. Kikombe na sahani hutumika vivyo hivyo.

Utata umo katika ile maana ya pili. Mkebe hupima ujazo, kilo hupima uzani. Mkebe uliotengenezewa kilo mbili za mafuta haugeuki mzani kwa kutiwa mahindi. Unga, maharagwe na mahindi havina uzani mmoja hata vikijaza mkebe uleule. Tena upo mkebe uliobonyezwa kitako kikaingia ndani. Mnunuzi akiuona hununa, akatafuta muuzaji mwingine. Na hata mkebe ukiwa mzima, swali la juu linabaki: nafaka isawazishwe kwa kiganja, au irundikwe hadi punje zianze kuporomoka?

"Mama, si ujaze basi!"

"Hiyo imejaa, mteja wangu."

Wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kwa gorogoro yake.

Waswahili wa pwani waliwahi kulitatua jambo hili. Walipima nafaka kwa kibaba, na vibaba vinne vikafanya pishi. Kamusi za zamani zimetuhifadhia tofauti ya kibaba cha mfuto, kilichofutwa juu kikawa sawa na ukingo, na kibaba cha tele, kilichorundikwa. Neno moja la ziada lilitosha kuzuia ugomvi. Sisi tumebaki kukariri shuleni kwamba haba na haba hujaza kibaba, bila kuuliza kibaba kipi.

Wanasarufi wenzangu wataniuliza kama ni gorogoro hii au gorogoro hili. Sokoni ni hii, na wingi wake ni gorogoro mbili. Sina haja ya kumlazimisha muuzaji aseme magorogoro mawili. Ugomvi wa ngeli haujamlaza mtoto njaa. Ule wa ujazo humlaza.

Basi tuseme gorogoro ya mfuto na gorogoro ya tele, na tuiache kilo kwa mwenye mzani. Aliyekopa kwa mfuto mwezi wa Juni, ghala likiwa tupu, kisha akadaiwa tele baada ya mavuno, amelipa riba ambayo hakuna aliyeitaja.